Jogoo wa Ukutani

Kabla sijaanza, nikubali kosa langu. Jogoo wa ukutani nilimkata mimi.

Wakati huo nilikuwa mdogo, kama wewe. Jina langu Tusekile.

Nyumba yetu ilikuwa Rungwe, juu kwenye mvua na baridi. Kuta zake zilikuwa za udongo. Mama alizibandika magazeti na kalenda za zamani, upepo usipite.

Karibu na kitanda chetu alikuwepo jogoo. Jogoo mwekundu, mkubwa, wa kwenye kalenda.

Mdogo wangu Ambakisye alimpenda mno. Kila akipanda kitandani, alimgusa mkia.
"Lala, Jogoo. Kesho uniamshe."

Siku moja Mwalimu Lugano akatuambia, "Kesho kila mtu alete karatasi nzuri. Tutakata, tutabandika, tutapata picha moja kubwa ya darasa zima."

Karatasi nzuri! Nikatafuta jikoni. Nikatafuta uvunguni. Hakuna.

Kisha nikamwona Jogoo.

Nikachukua mkasi wa Mama. Kacha, kacha, kacha. Jogoo akatoka ukutani.

Shuleni tukafanya kazi.
Kata, kata. Paka, paka. Bandika!

"Mwoneni jogoo wa Tuse!" wenzangu wakasema. "Huyo atawika!"
Nikacheka. Lakini moyo wangu ulikuwa mzito.

Jioni upepo ukaja. Ukaingia pale alipokuwa Jogoo.
Fyuu. Fyuu.

Mama akainama, akalitazama tundu. "Panya gani huyu?" akasema. "Panya wa kukata kwa mkasi?"

Nikanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa uongo, na Mungu alikuwa ananiona.

Ambakisye akapapasa ukuta. Akapapasa tena.
"Jogoo yuko wapi? Kesho nani ataniamsha?"

Akalia. Hi, hi, hi.
Fyuu, upepo ukamjibu.

"Tusekile, tuombee tulale," Mama akasema.
Nikafumba macho. "Baba yetu wa mbinguni, utusamehe..."
Hapo sauti ikakwama.

"Mama," nikasema, "panya ni mimi."

Mama hakunipiga. Alilitazama tena lile tundu. Kisha akasema, "Haya, panya. Kesho uzibe tundu lako."

Kulipokucha nikakimbilia shuleni. "Mwalimu, naomba jogoo wangu. Ni wa mdogo wangu."

Mwalimu Lugano akambandua polepole, polepole.
Chwaa! Mkia ukachanika.

"Pole, Tuse," akasema. "Gundi imeshika. Hatatoka mzima."

"Sasa nitafanyaje, Mwalimu?"

Mwalimu akaonyesha picha yetu kubwa. "Hii tuliitengeneza kwa kitu gani?"
"Kwa vipande."
"Basi, nenda katafute vipande."

Vipande! Pakiti nyekundu ya majani ya chai. Karatasi ya sabuni. Kiberiti kitupu. Na jani kavu la mgomba, la mkia.

Mama akakoroga unga na maji motoni. Puku, puku, ikawa gundi.

Kata, kata. Paka, paka. Bandika!

Jogoo mpya akasimama juu ya tundu. Mguu mmoja mrefu, mguu mmoja mfupi.

Ambakisye akaja kumtazama.
"Siyo yeye," akasema.

Nilitaka kusema, "Ni yeye! Ameota manyoya mapya!" Lakini nilikuwa nimechoka kudanganya.

"Kweli, siyo yeye," nikasema. "Yule nilimkata mimi. Nisamehe, mdogo wangu."

Ambakisye akafikiri. Akafikiri sana.

Akasogea karibu, mpaka pua yake ikagusa ukuta.
"Huyu haoni," akasema. "Hana jicho."

Akatia mkono mfukoni. Akatoa karatasi ya pipi. Ya buluu, inayong'aa. Aliitunza tangu Krismasi.

"He!" Mama akacheka. "Jogoo gani ana jicho la buluu?"

"Wa kwetu," akasema Ambakisye.

Nikaikata kipande kidogo, cha duara. Ambakisye akakipaka gundi mwenyewe. Gundi ikamfika mpaka kwenye nyusi.

Paka, paka. Bandika! Akakikandamiza kwa kidole, akahesabu, "Moja, mbili, tano!"

Usiku ukaingia. Tukatega sikio.

Upepo ulipita huko nje. Ndani, kimya.

Mama akatufunika blanketi. Mimi nikaomba, na safari hii sauti haikukwama.

Ambakisye akagusa mkia wa jani la mgomba. Kwacha, kwacha.
"Lala, Jogoo," akasema. "Kesho uniamshe."

Jogoo yule bado yupo, ukutani kwa Mama. Mkia upo, miguu ipo. Jicho tu limepauka.

Nakuomba, mtoto mzuri. Ukila pipi yenye karatasi ya buluu, usiitupe. Niwekee.