Mkono Unaonipaka Dawa

Kila jua lilipoelekea kuzama nilikuwa napanda juu ya paa kuanua nguo. Dawa ya kupaka nilikuwa nayo mfukoni, kama kawaida. Daktari wa ngozi alishaniambia soriasisi haiponi kabisa, ila dawa pamoja na jua la jioni, lile la upole, vitaondoa magamba mgongoni. Basi nikishaanua nguo nalala kifudifudi kwenye mkeka, napandisha blauzi, najifunika taulo kichwani.

Kisha mama mkwe anakuja kunipaka.

Tulikuwa hatuongei, mimi na yeye. Tuligombana kwa sababu ya jiko, mambo ya wanawake wawili nyumba moja, nikamnunia. Kwa hiyo siku niliyosikia mkono mgongoni kwa mara ya kwanza, nilinyamaza. Nikajisemea, ehe, bibi anaomba msamaha kwa vitendo. Mkono wenyewe ulikuwa wa baridi... unanuka chumba kilichofungwa muda mrefu. Nikavumilia. Mgongo wangu siufikii mwenyewe.

Magamba yakaondoka kweli. Halafu mume wangu akaniona nikivaa.

"Nani kakupiga kofi?"

Nikageuzia kioo mgongo. Yalaa! Baka lililopauka, kiganja na vidole vyote vipo.

Daktari hakushtuka. "Ni dawa na jua tu. Palipokuwa na ugonjwa pamepauka, pembeni pameungua na jua. Rangi itarudi taratibu."

"Na vidole je, daktari?"

"Anayekupaka anakandamiza sana. Mwambie apunguze."

Mimi si mtu wa kukaa na jambo moyoni. Nilimkuta mama mkwe anakunja nguo, nikamvaa mbele ya mwanawe.

"Mama, unanipaka nini huko juu?"

"Huko juu wapi?"

"Usijifanye hujui. Unaniroga!"

Akaiweka nguo chini. "Mwanangu, magoti haya na ngazi zile? Tangu nihamie hapa sijafika kwenye hilo paa."

Uongo mtupu, nikasema. Nikamtaka auweke mkono wake juu ya alama. Mume wangu akatazama, akalinganisha vidole.

"Wa mama ni mfupi," akanong'ona.

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Wapi! Nikamwambia achague, mama yake au mimi. Mama mkwe hakungoja kuchaguliwa. Alifunga mzigo wake akaenda kwa wifi yangu, akilia. Mimi nikajiona mshindi.

Jioni iliyofuata nikaiacha cherehani yangu, nikapanda juu. Nikalala, taulo kichwani, nikafurahia utulivu.

Pa... pa... pa...

Nyayo.

Nikajua mume wangu amewahi kutoka kiwandani, anataka tupatane. Mkono ukatua kiunoni. Baridi ile ile. Harufu ile ile... Ukapanda polepole, ukapita palipokuwa na ugonjwa, ukaendelea kupanda.

"Ni wewe?" nikanong'ona.

Ukafika mabegani.

Kisha chini kabisa, mlangoni, nikasikia hodi. "Mke wangu, nifungulie!"

Vidole vikanizunguka shingo.

Sikumbuki nilishukaje zile ngazi. Mume wangu alipanda kuangalia, hakukuta mtu. Lakini siku chache baadaye shingo ikapauka, na shingoni sijawahi kuugua wala kupaka dawa hata tone. Safari hii daktari aliniandikia dawa nyingine bila kunitazama usoni.

Leo nimempigia mama mkwe simu. Nimemwomba radhi, nimelia, nimemwambia arudi, hata chumba chetu nitampa. Mwanawe anashinda kazini, na mimi naogopa kubaki peke yangu humu ndani. Naogopa mno. Amenisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimezeeka, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mwombe huyo anayekupaka akae nawe."

Akakata simu. Jua limeanza kushuka, na mume wangu hajarudi.