Jivu Anaona Nini?

Sogeeni, watoto. Sogeeni karibu kabisa, maana hadithi hii ina giza kidogo.

Kule Kyela, katikati ya miti ya kokoa, Tumpe aliishi na bibi yake. Na Jivu je? Jivu ni mbwa wa Tumpe.

Bibi alianika mbegu za kokoa kwenye jamvi. Jivu alilala kando, mkia ukipiga jamvi. Pa, pa, pa.

Jioni moja wingu likatanda. Chini ya miti kukawa giza totoro.

Majani makavu yakalia.
Chakacha, chakacha.
"Ni nani huyo?" Tumpe akauliza.
Kimya.

Kumbe ni Jivu! Lakini lo, si Jivu wa kila siku. Macho kayatoa. Ulimi nje. Anatetemeka mwili mzima.

Akazunguka nyumba. Akazunguka tena. Akabwekea giza, na gizani hamna mtu.

"Mama wee!" Bibi akanong'ona. "Mbwa huona tusivyoviona. Ingia ndani, mjukuu wangu!"

Wakaingia. Wakafunga mlango, ko!

Chakacha, chakacha.
"Ni nani huyo?"
Kimya. Halafu, sauti ndogo. Nnnn... nnnn...

Jivu analia! Tumpe aliogopa, aliogopa sana. Lakini Jivu yuko nje peke yake.

Tumpe akachukua tochi. Akafungua mlango. Kwiiii.

Jivu alikuwa ametapika. Matapishi ya kahawia, yananuka kokoa. Tumpe akamulika jamvi. Pale pembeni, mbegu hakuna!

"Bibi! Si zimwi! Jivu kala kokoa!"

"Masikini wee!" Bibi akatoka na kikombe cha maziwa. "Tumnyweshe, yaue sumu."

"Bibi, tumpigie kwanza daktari wa ng'ombe!"

Bibi akapiga simu. Daktari Gwamaka akauliza, "Amekula nini? Kiasi gani? Tangu lini?"

"Kokoa!" akajibu Tumpe. "Viganja viwili hivi. Nadhani jua lilipokuwa bado linawaka."

"Kokoa ni sumu kwa mbwa. Msimpe maziwa, wala chumvi. Msimtapishe. Mleteni sasa hivi!"

Wakamfunika Jivu kwa kanga, wakampakia kwenye toroli. Kwiku, kwiku, kwiku. Njia nzima giza.

Nyuma yao, chakacha, chakacha.
"Ni nani huyo?"
"Usigeuke," akasema Bibi. "Ni majani tu... nadhani. Kaza mwendo!"

Daktari akampima Jivu. Akamchoma sindano. Jivu akalala, hatikisiki.

"Atapona, Daktari?"

"Tungoje, mwanangu. Vizuri mmewahi, na mmejua alichokula."

Wakangoja. Tumpe akalia kimya kimya. Akamshika Jivu mguu, akaushika tu.

Taratibu, jicho moja likafunguka. Likamtazama Tumpe.

"Jivu! Jivu wangu!"

Tangu siku hiyo, Bibi huanika kokoa juu ya kichanja. Jivu akitaka, aruke mpaka achoke!

Na usiku, Tumpe akishapanda kitandani, taa ikishazimwa, huko nje majani hulia.

Chakacha, chakacha.
"Ni nani huyo?"
Kimya.

Halafu, chini ya kitanda, taratibu...
Pa, pa, pa.

Tumpe hucheka kidogo. Kisha hufumba macho, akalala.