Boreum Akataa Kusema Watatu

Kila likizo Boreum aliporudi nyumbani kutoka chuo cha mji wa Wonju, asubuhi zake zilikuwa za zizini. Alijaza majani makavu horini huku akitamka Kiingereza kwa sauti: rubani, mpaka, kusitisha vita. Ng'ombe walitafuna wakimtazama.

"Wamekuelewa?" baba yake, Mzee Deok-su, alimuuliza siku moja.

"Kuliko unavyonielewa wewe, baba."

"Ukihitimu utafundisha shuleni. Jeshini wanaume wametosha. Na kutafsiri, siku hizi simu inatafsiri bure."

"Nitaomba kuwa ofisa mkalimani. Wakininyima, nitaomba tena."

Mzee alirudi ndani kunywa supu yake.

Majira hayo ya baridi, helikopta za kikosi cha kigeni kilichofanya mazoezi bondeni zilipita chini mno juu ya mazizi. Ng'ombe mmoja wa Mzee Deok-su, mwenye mimba, aliparamia uzio kwa hofu, mimba ikaharibika. Wanakijiji wakadai mkutano. Ofisa wa kikosi alifika, lakini mkalimani wake alikwama njiani kwenye theluji.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Pyo, akatoa simu yake. Mkulima mmoja akaiambia kwa hasira, "Ndani yangu kunaungua!" Simu ikamweleza ofisa kwamba mkulima huyo anahitaji daktari wa tumbo, naye ofisa akajishika tumbo akimuuliza kwa ishara kama linamuuma. Watu wakaangua kicheko. Boreum hakucheka. Akainuka.

"Nitatafsiri mimi."

Bwana Pyo akamvuta kando. "Vizuri, binti. Ila ukifika kwa ng'ombe, sema watatu. Mmoja hawatamjali."

"Na baba akisema mmoja?"

"Aseme atakavyo. Nani hapa anajua Kiingereza?"

Mzee Deok-su akasimama, akasema, "Ng'ombe wangu mmoja ameharibu mimba." Boreum akatafsiri, akiinua kidole kimoja: mmoja.

"Watatu," Bwana Pyo akanong'ona.

"Hakusema watatu."

"Wewe msichana, uko upande gani? Umekulia wali wa nani?"

"Wa baba, na baba kasema mmoja. Anayetaka watatu asimame aseme mwenyewe, nami nitamtafsiria neno kwa neno."

Hakuna aliyesimama kusema watatu. Aliyesimama ni Bibi Maeng, jirani yao, akamnyooshea ofisa fimbo yake. "Mwambie huyu, mama yake hakumfundisha kupiga hodi kabla ya kupita juu ya nyumba za watu."

"Hilo liache," Bwana Pyo akasihi.

Boreum hakuliacha. Alilitafsiri lote. Uso wa ofisa ukawa mwekundu. Kisha akauliza kama daktari wa mifugo alimwona huyo ng'ombe. Daktari, aliyekuwa ameketi nyuma, akajibu kuwa alimwona, na ni mmoja tu. Ofisa akafungua ramani, akachora njia mpya nyuma ya mlima.

"Kuanzia kesho marubani watapita huku," Boreum akatafsiri. "Na anasema, Bibi, mama yake angemkaripia vivyo hivyo."

Bibi Maeng akacheka, akashusha fimbo.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Bwana Pyo aliwapita bila kuwasalimu. Boreum akamtazama baba yake, akisubiri lawama.

"Peleka maombi yako," Mzee akasema.

"Ningeyapeleka hata ungekataa, baba."

"Najua. Na jeshi bado silipendi." Alipangusa theluji begani. "Lakini njia ya mwongo ni fupi. Ungesema watatu, daktari angetuumbua, na hata yule mmoja asingeaminika. Ukibeba neno la mtu, lifikishe kama lilivyo, wakichukia wakubwa, tukichukia hata sisi tuliokuzaa."