Boliti ya Nyuma

Kila asubuhi ya kwenda hospitali, gari lilianza kulalamika kabla halijatoka uani. Mama akilivusha kwenye mfereji wa langoni, gurudumu la mbele la kushoto liligonga ngo, ngo, ngo, na bibi, aliyeketi kando yake na mkoba wa dawa mapajani, alifumba macho akashika mlango.

"Gari hili linakohoa kunishinda mimi," alisema bibi.

Figo za bibi zilikuwa zimeacha kazi. Siku moja alipelekwa kusafishwa damu kwa mashine, siku ya pili akapumzika, ya tatu akarudi tena. Akikosa zamu moja tu, mwili ulimvimba na pumzi ikawa ya kuvuta kwa taabu. Basi la abiria hakuliweza, miguu haikumbeba hadi kituoni. Gari lile kuukuu, lililobabuka rangi, ndilo lililomweka hai.

Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli, aliinama akalitikisa gurudumu, kisha akainuka amekunja uso.

"Bushi zimekwisha," alimwambia mama. "Zile raba zinazoshika mikono ya magurudumu. Sasa ni chuma kinagonga chuma. Kesho mama yangu anapumzika, tutazibadilisha hapahapa uani."

Neno "tutazibadilisha" lilimfurahisha sana binti yake. Mtaani walimwita Spana, kwa kuwa aliweza kuitambua spana yoyote ya baba yake kwa kuipapasa tu, macho yamefumbwa. Alikuwa darasa la sita, na sifa zilikuwa zimeshampanda kichwani, tusifichane.

Kesho yake walianza kazi mapema. Mvua ilikuwa imenyesha na ua ulikuwa tope tupu. Baba aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akalinyanyua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya vyuma imara. Walifungua mikono yote miwili ya magurudumu ya mbele, wakaibana kwenye jiriwa na kuzitoa bushi za zamani. Raba zilikuwa zimechanikachanika kama kandambili iliyotafunwa na mbwa. Wakazipaka mpya maji ya sabuni, wakazisukuma taratibu mpaka zikaingia.

"Sasa sikiliza vizuri," alisema baba walipoirudisha mikono mahali pake. "Boliti hizi hazikazwi gari likiwa juu. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, raba inakaa imejipinda, na gari likishuka inachanika. Kwa sasa tunazifunga kwa vidole tu. Gari likishakaa chini kwa uzito wake, ndipo tunakaza mpaka mwisho."

"Na ukishakaza unapaka chaki," alidakia Spana.

"Ukishakaza. Siyo kabla."

Hiyo ilikuwa desturi ya baba tangu ujana wake. Boliti iliyokazwa mpaka mwisho ilipata alama ya chaki nyeupe. Isiyo na chaki ilikuwa bado. Hakuivunja desturi hiyo hata kwenye baiskeli ya mtoto.

Walilishusha gari. Baba alimaliza upande wa kulia, akazipaka chaki boliti zake. Mara jirani akaingia anahema: mguu wa mwanawe ulikuwa umenasa kwenye spoku za baiskeli na hakuna aliyeweza kuutoa. Baba alinyakua koleo.

"Malizia upande wa kushoto," alimwambia Spana. "Ikikushinda iache hivyohivyo, nitakuja mwenyewe."

Kila mkono ulishikwa na boliti mbili, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele ilikubali. Spana aliikaza kwa nguvu zake zote, akaipaka chaki. Ya nyuma ilikuwa imejificha ndani, na gari sasa lilikuwa chini. Alilala chali kwenye tope. Spana ikateleza, vidole vikachunika. Akajaribu tena, ikateleza tena, damu ikachanganyika na grisi. Nati haikusogea.

Langoni walisimama wavulana wawili wa darasani kwao.

"Vipi, fundi mkuu?" mmoja aliuliza. "Mbona umelala? Kazi imekuwa usingizi?"

"Mwache, anamsubiri baba yake," mwenzake akacheka.

Uso ulimwaka Spana kwa aibu. Akaichukua chaki, akanyoosha mkono gizani kule, akaipaka ile boliti iliyofungwa kwa vidole. Kisha akatoka chini ya gari akijipangusa.

"Kwisha kazi!" alisema kwa sauti.

Baba alirudi amechoka, shati lina damu ya mtoto wa jirani. Hata hivyo alilala chini, akamulika kwa tochi. Aliona nyeupe kila mahali.

"Zote?" aliuliza.

"Zote, baba."

"Hongera, fundi," alisema, akampiga begani. Pongezi ile ilimchoma Spana.

Siku iliyofuata gari lilivuka mfereji kimya. Mama alicheka kwa furaha, na bibi akasema kikohozi kimepona. Spana alishinda darasani roho mkononi hadi alipowaona wamerudi salama. Akajiambia labda vidole vilitosha. Siku ya mapumziko ya bibi, baba alikuwa nyumbani tangu asubuhi hadi jioni. Kulikuwa na nafasi ya kusema hata mara mia. Spana hakusema.

Safari iliyofuata, kwenye mteremko wa kuingilia hospitalini, mama alikanyaga breki. Nati ilikuwa imejifungua kidogo kidogo barabarani, na boliti ikachomoka. Gurudumu la kushoto likajikunja kurudi nyuma, usukani ukakataa, na gari likagonga ukuta.

Spana alipofikishwa hospitalini na ami yake, kaka wa baba, alimkuta mama ameshonwa paji la uso. Bibi alikuwa amevunjika mfupa wa bega na mbavu. Wapita njia walikuwa wamembeba mikononi hadi ndani. Sasa alikuwa kwenye mashine, amefumba macho, na daktari alikuwa amewaambia wasubiri tu.

Ami alisimama mbele ya baba ukumbini.

"Ujuaji wako huo!" alifoka. "Baiskeli na gari ni kitu kimoja? Mama yetu akifa je?"

Mama alikaa pembeni, hakumtazama baba kabisa.

"Kosa ni langu," alisema baba, ameinamisha kichwa. "Nilikagua mimi. Sitagusa gari tena."

Hakumtaja Spana. Alijua fika nani alifanya kazi upande wa kushoto, na hakumtaja. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Baba alikuwa ameshaubeba mzigo wote.

"Si yeye," alisema Spana, akaanza kulia. "Boliti ya nyuma ilinishinda. Nikaipaka chaki nikijua haijakazwa. Nilimdanganya."

Mama aliinuka, akaingia chumbani kwa bibi. Baba alikaa kwenye benchi kama mtu aliyeishiwa nguvu.

"Nilidhani uliikaza ikalegea kwa sababu nguvu zako ni ndogo," alisema baadaye. "Hilo ni kosa langu, kukuachia kazi kubwa. Lakini chaki! Mwanangu, ungeniambia imekushinda, ningelala kwenye tope mwenyewe, tukaingia ndani tukala. Kushindwa kungetugharimu nini?"

Bibi hakufa. Ila bega halikupona sawasawa. Mkono wa kushoto haukufika tena kichwani, na Spana ndiye aliyemchana nywele kila asubuhi. Jirani aliyesaidiwa mtoto wake aliwapeleka hospitalini kwa gari lake muda wote huo. Mama alizungumza na Spana mambo ya lazima tu: kula, oga, lala.

Ami alimsihi baba asiliache gari lioze. Baba akatafuta mkono mwingine wa gurudumu, akaufunga. Walipolishusha gari chini, alimpa Spana spana. Spana alikaza boliti ya mbele. Kwenye ya nyuma alihangaika, akajaribu huku, akajaribu kule, kisha akatoka.

"Baba, imenishinda."

Baba akalala chini akaikaza, akairudia na ya mbele.

Asubuhi, mama alisimama mlangoni mwa gari, ufunguo mkononi. Hakumwuliza baba. Alimwuliza Spana.

"Zimekazwa?"

"Ya mbele nimekaza mimi, baba akairudia. Ya nyuma ilinishinda, ameikaza baba."

Machozi yalimlengalenga mama.

"Ungeniambia umekaza zote, nisingeingia humu," alisema. "Mtu anayeweza kusema limenishinda, huyo naweza kumkabidhi roho ya mama. Nenda kamlete bibi yako."