Mtu wa Tatu wa Mkataba

Kigoda cha tatu, kile cha wateja, kilikuwa na joto. Randa alikigusa alipokisogeza ili afagie vumbi la mbao, akaondoa mkono upesi. Lilikuwa joto la mtu aliyetoka kukaa. Saa nne asubuhi, na karakanani hakuwamo mwingine ila yeye.

Zamani walikuwa wawili. Yeye alipiga randa, mwenzake alipiga msasa, na wateja wakawaita hivyo hivyo, Randa na Msasa, mpaka majina waliyopewa na wazazi yakasahaulika. Miaka kumi na tisa walitengeneza milango pamoja. Mkataba wao ulikuwa karatasi moja. Ulisema mlango hautoki bila kupita mikononi mwa wote wawili. Ulisema pia kwamba wakigombana watakaa mbele ya mtu wa tatu, na huyo hataondoka mpaka wakubaliane.

"Mtu wa tatu nani?" karani aliyewaandikia aliuliza siku ile.

"Mweke shemeji yangu," alisema Randa.

"Shemeji yako anasinzia hata akila," alisema Msasa. "Andika yeyote atakayekuwapo. Kwani sisi tutagombana?"

Karani akaandika. Wakacheka, wakatia saini.

Waligombana mwaka wa kumi na tisa. Msasa alilazwa na homa, mteja akawa na haraka, Randa akautoa mlango peke yake. Msasa aliporudi hakupandisha sauti.

"Umevunja mkataba," alisema.

"Ulikuwa mgonjwa," alijibu Randa.

Basi. Miezi mitatu walifanya kazi wamepeana migongo, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Kisha homa ikarudi, na Msasa akafa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wiki moja baada ya mazishi ndipo kigoda kilipopata joto. Ikafuata harufu ya udongo uliolowa, na nje jua linachoma. Halafu siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, Randa akiwa ameuinamia ubao, alisikia nyuma yake msasa ukipita kwenye mbao, taratibu, mara tatu kwenda na mara moja kurudi, vile ambavyo mtu mmoja tu duniani alikuwa akipiga, akageuka na kuona benchi la mwenzake tupu, vumbi jipya likidondoka ukingoni, na kigoda cha tatu, alichokiacha kule mlangoni, kimesimama katikati ya mabenchi mawili.

Alimweleza mjane wa Msasa. Naye alikuja kesho yake na ustadhi mmoja mwenye kutibu mambo hayo.

"Shemeji, umekonda kama fito," alisema mjane. "Hulali?"

"Nalala. Ila nawahi kuamka nije huku."

Ustadhi aliusoma mkataba, kisha akasoma aya zake mbele ya kigoda, kwa muda mrefu, jasho likimtiririka. Mwishowe akauliza, "Nani alikuita?"

"Waliandika yeyote atakayekuwapo," ilijibu sauti ya chini, kavu, kutoka pale kigodani. "Mbele ya karani, nilikuwapo."

Mjane alimshika Randa mkono. Ustadhi akanong'ona, "Amefungwa na maneno yenu wenyewe. Mkikubaliana, ataondoka. Mwenzako hayupo, lakini mkewe anasimama mahali pake. Mwambie ulikosea."

"Sema, shemeji," alisema mjane. "Mimi nilishasamehe siku nyingi."

Randa alifungua kinywa. Alijua amekosea; alijua tangu mlango ule ulipopandishwa mkokotenini. Lakini nyuma yake msasa ulianza, mara tatu kwenda, mara moja kurudi, ukatua, kama Msasa alivyokuwa akitua kila alipotaka kusikiliza, na Randa akaiona nyumba yake ambamo mkewe alitangulia mbele ya haki na watoto walihamia mbali, sahani moja, kikombe kimoja, na akafahamu kwamba akilitamka neno lile, hataisikia tena sauti hiyo mpaka siku ya kufufuliwa.

"Sikukosea," alisema polepole. "Alikuwa mgonjwa."

"Shemeji, tafadhali."

"Bado hatujakubaliana."

Ustadhi aliokota viatu vyake bila kumtazama. Mjane alimfuata, akilia kwa sauti ndogo.

Randa akakaa mahali pake, akachukua randa. Msasa ulirudi nyuma yake, bila haraka. Kigoda kikakwaruza sakafu, kikasogea, kikasogea tena, mpaka goti lenye joto likagusa goti lake. Naye hakulisogeza lake.