Mluzi Chini ya Boneti

Kila siku ya likizo, saa kumi alasiri, Fathiya alimpelekea baba yake chai ya tangawizi gerejini. Gereji yenyewe ilikuwa uwanja mdogo nyuma ya maduka ya mabati na misumari, karibu na River Road. Baba, Fundi Shee, alikunywa kikombe cha kwanza akiwa wima, mikono imejaa grisi, naye Fathiya akaketi juu ya gurudumu kuukuu na kufungua daftari lake la hisabati. Ndivyo walivyozoea.

Siku hiyo hata kifuniko cha chupa ya chai hakijafunguliwa, gari dogo la samawati likaingia langoni likitetemeka kama mtu mwenye homa. Likakohoa mara mbili, likazima pale pale.

"Toeni hiyo gari!" akapaza sauti mwenye mkokoteni aliyekuwa nyuma yake. "Hii njia si ya mama yenu!"

Fathiya alilitambua. Lilikuwa gari la jana.

Mwenye gari alishuka. Alikuwa Mwalimu Wamucii wa Mutuini, pembezoni mwa jiji, mwanamke mpole, lakini leo midomo yake ilikuwa imekauka. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama yake mzee, ambaye kila mtu alimwita Cucu, yaani bibi, ameushika mlango kwa mikono miwili. Kando yake alikuwa Debra, binti wa mwalimu, msichana wa rika la Fathiya.

"Fundi, jana uliniambia limepona," alisema Mwalimu Wamucii. "Limetuzimia mara tatu tangu hospitalini Upper Hill. Mara ya mwisho katikati ya raundabauti. Lori lilisimama hapa." Akanyoosha mkono kuonyesha umbali. "Leo Cucu alikuwa anapimwa damu. Kesho saa moja asubuhi anapasuliwa jicho. Tumengojea nafasi hiyo tangu mwaka jana, na kwetu alfajiri hupati kitu ila bodaboda. Nitampandishaje Cucu kwenye bodaboda?"

Fundi Shee alitikisa kichwa, akasaidiana na mwenye mkokoteni kulisukuma gari ndani.

Fathiya aliinamisha uso juu ya daftari. Hakuona hata namba moja.

Baba yake alikuwa na sifa moja mjini. Alikuwa na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja aliitia sikioni, nyingine akaipitisha juu ya injini, kama daktari anayepima kifua. Mafundi wengine walibadilisha vipuri vitano kabla ya kuupata ugonjwa. Yeye alisikiliza tu, akatabasamu, akasema, "Huyu hapa."

Jana pia alisikiliza. Lakini hakutabasamu. Alisema ni plagi, akabadilisha plagi, akafunga boneti. Naye Fathiya, akiwa hatua mbili tu kutoka hapo, alisikia waziwazi mluzi mwembamba chini ya mngurumo, kama gurudumu la baisikeli linalotoa upepo. Alimtazama baba yake, akangoja. Baba hakuwa ameusikia.

Fathiya alijua sababu. Tangu Ramadhani, adhana ilipolia, ilibidi amvute baba mkono wa shati. Mteja akisema kitu akiwa nyuma ya baba, Fathiya alikirudia kwa sauti, kana kwamba anajisemea mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Mama alimsihi baba aende hospitali hadi akachoka. Baba alijibu, "Fundi asiyesikia, nani atampa gari?" Tangu hapo Fathiya akawa mlinzi wa siri hiyo. Jana pia aliilinda, na Cucu akapelekwa barabarani na gari bovu.

Debra alimsogelea. "Sasa?"

"Poa."

"Baba yako ni fundi kweli ama anabahatisha?"

"Ni fundi," alijibu Fathiya haraka.

"Basi nisikize. Cucu alilia kwa gari leo. Hata macho yalipoharibika hakulia." Debra alimkazia macho. "Lori lilipiga honi, yeye haoni, hajui linatoka upande gani. Alinishika hapa mpaka kucha zikaingia."

Fathiya alifunga daftari lake.

Gari liliwashwa tena. Mwalimu Wamucii alipokanyaga mafuta, injini ilinguruma vizuri. Alipoinua mguu, ikaanza tena kutetemeka, ikishuka, ikipanda, ikitafuta pumzi. Fundi Shee alitia mpira sikioni. Alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Akahamishia sikio la pili. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

Na mluzi ulikuwepo! Fathiya aliusikia kutoka kwenye gurudumu lake.

"Pampu ya mafuta," baba alisema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Nitabadilisha, mwende zenu."

"Una hakika, Fundi?"

"Nina hakika."

Fathiya alisimama. "Baba," aliita kwa sauti ya chini. Baba hakugeuka. Akasogea nyuma yake. "Baba!" Bado. Alielewa kwamba hakuna njia ya kumnong'oneza. Akitaka kusikika, atasikika na wote: mwalimu, Debra, mwenye mkokoteni aliyebaki kutazama. Kesho uvumi utakuwa umefika mwisho wa mtaa. Akinyamaza, kesho alfajiri Cucu atakuwa katikati ya barabara, akisikia honi na asijue lori linatoka wapi.

"Baba, si pampu!" alipiga kelele mpaka sauti ikamkatika. "Kuna hewa inavuja! Naisikia!"

Fundi Shee aligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu. "Nani amekuuliza?"

"Niliisikia jana pia," alisema Fathiya, machozi yakimlengalenga. "Nikanyamaza."

"Ulijua?" Debra alifoka. "Ulijua na ukatuacha twende?"

Baba alimtazama Fathiya, kisha akamnyooshea kile kipande cha mpira.

"Wapi?" aliuliza. "Kwanza funga mtandio nyuma. Feni inazunguka."

Fathiya aliukaza mtandio wake, akatia mpira sikioni. Mluzi ulififia upande wa kushoto, ukakua upande wa kulia, kisha ukamchoma sikio. "Hapa! Chini hapa!"

Baba alipenyeza mkono. Vidole vyake vilipapasa, vikagusa mrija mwembamba wa mpira ambao jicho lisingeweza kuufikia. Chini ulikuwa umepasuka kwa uzee. Akaubana kwa vidole viwili.

Injini ikaacha kutetemeka.

Akauachia, ikatetemeka. Akaubana, ikatulia tena.

"Limetulia," Cucu alisema kutoka ndani.

"Injini hupumua," Fundi Shee alieleza, akiwa bado ameinama. "Hewa yake hupimwa inapoingia. Hii ilikuwa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kupimwa. Gari likienda kasi hulioni kosa. Likisimama, linazidiwa, linazima."

Alikata mrija mpya, akaufunga kwa vibanio. Wakaliacha gari lingurume robo saa nzima. Halikukohoa hata mara moja.

"Nashukuru," alisema Mwalimu Wamucii. "Lakini Fundi, mtoto amesikia kutoka kule alikoketi. Wewe ulikuwa juu ya injini jana na leo."

"Kelele za mji huu..." Fundi Shee alianza, akaishia hapo.

Cucu alifungua mlango wa gari. Fathiya alikwenda kumshika mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye umepiga kelele? Vizuri." Cucu aligeuza uso kule sauti ya fundi ilikotoka. "Mimi macho yangu niliyaficha miaka miwili, Fundi. Nilijua kila kona ya boma langu, nikasema nani atagundua? Mpaka nikammwagia mjukuu wangu chai ya moto mkononi."

Debra alivuta mkono wa sweta yake chini, lakini Fathiya alikuwa ameshaliona kovu.

"Daktari alisema ningekuja mapema angeokoa macho yote mawili. Kesho anaokoa moja." Cucu alipapasa bega la Fathiya. "Na wewe, mtoto, ulimfichia baba kwa sababu unampenda. Najua. Lakini ugonjwa ukifichwa hautulii, unatafuta mtu wa kumuumiza. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli mapema, hata kama atakukasirikia."

Fundi Shee aliketi kwenye ukingo wa sanduku la vyuma. Alivitazama sana vile viganja vyake vilivyojaa grisi.

"Sisikii, Mwalimu," alisema. "Jana nilikisia. Leo pia nilikuwa nakisia. Nisameheni."

Mwalimu Wamucii alivuta pumzi ndefu. "Kesho, Cucu akishaingia kwa daktari wake, kuna daktari wa masikio hospitali hiyo hiyo. Tutakupitia asubuhi, Fundi. Ukikubali."

Baba alimgeukia Fathiya, akamvuta karibu.

"Mimi humwambia mama yako kila siku kwamba kazi ni nyingi, sina nafasi ya kwenda," alisema. "Si kweli. Naogopa, mwanangu. Naogopa sana. Twende wote."