Anayerusha Taulo Si Bondia

Seremala alikohoa tangu alfajiri. Mkewe alikoroga uji, akauacha. Akafungua dirisha, akalifunga. Akafagia palepale alipokwisha kufagia. Wiki ya tano hii! Angetuliaje?

"Baba Mapacha, twende hospitali leo."

"Vumbi la mbao tu. Nina vitanda vinne vya kumaliza. Waingereza wana msemo: kurusha taulo. Ni kukata tamaa. Mimi sirushi!"

Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Akatoka, suruali ikimning'inia kiunoni. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mkewe hakuwa tayari kulizika.

Alikwenda nyumba ya pili, kwa mzee aliyewahi kuwa msaidizi wa mabondia ulingoni. Akamweleza yote huku akizunguka chumba.

"Keti basi, mwanangu, unanitia kizunguzungu."

"Nitaketije? Anasema harushi taulo!"

"Ni kweli. Bondia harushi taulo. Tunarusha sisi tulio kwenye kona yake. Msemo umetoka huko kwetu. Zamani ilirushwa sponji ya kumfutia damu, baadaye taulo. Refa akiliona, anasimamisha pambano."

"Kwa nini asirushe mwenyewe?"

"Anayepigwa hajui ameumia kiasi gani. Niliwahi kurusha, bondia akanitukana matusi ya nguoni. Sawa, lakini alinitukana akiwa hai. Sikiliza. Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, tena anakonda, apimwe kifua kikuu. Kinatibika, ila dawa hazirukwi. Wewe ndiye mtu wa kona yake."

Mama Mapacha hakuaga. Aliingia karakana, akamnyang'anya mumewe msumeno, akamtoa nje na kufunga mlango kwa kufuli. Wateja walikodoa macho.

"Unanidhalilisha!"

"Nitukane njiani. Twende."

Makohozi yalipimwa. Kweli, kilikuwa kifua kikuu. Nesi akataka familia nzima ipimwe. Pacha mmoja alikutwa ameambukizwa, akaanzishiwa dawa mapema.

Seremala alimeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Kikohozi kikaisha, mwili ukarudi. Siku ya kipimo cha mwisho, nesi aliuliza nani alimshauri aje.

"Hakuna aliyenishauri. Huyu alinifungia karakana mbele za watu. Nilimchukia njia nzima."

Akawatazama mapacha wakigombania kiti, wote wazima. Akamgeukia mkewe.

"Mke wangu, nisamehe."